Tusiuziwe Mbuzi kwenye Gunia

 

Wasikilizaji, mada ya leo itawashangaza baadhi yenu. Nataka tuzungumze kuhusu vinu vya nyuklia vinavyotumia chumvi iliyoyeyushwa, na hasa kuhusu vijana wanaosomea shahada ya uzamivu kwa kuviiga vinu hivyo ndani ya kompyuta. Najua kuna anayesema, huyu leo kaishiwa. Bei ya mahindi ipo, barabara ya Matombo ipo, yeye anatuletea nyuklia! Tulia kidogo, ndugu yangu. Habari hii inaanzia Kingolwira.

Kingolwira tunaijua. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara, ukishaiacha Mikese, Kingolwira ndiyo inayokuambia kwamba mji wa Morogoro umekaribia. Wapo wanaoijua kwa gereza lake, wapo wanaoijua kwa reli. Kwa mafundi wa umeme, hata hivyo, jina hilo lina uzito mwingine. Huko ndiko ilikofikishwa njia ya umeme wa msongo wa kilovolti 220 kutoka Kinyerezi, Dar es Salaam, kilomita zipatazo 160, kwa ajili ya treni ya SGR. Tangu Juni 2024 treni hizo zinapita na abiria, hazitoi moshi wala hazibebi tangi la mafuta. Raha hiyo ina sharti lake. Kichwa cha treni cha dizeli kinatembea na akiba yake. Cha umeme kinategemea waya ulio juu yake. Waya ukikosa umeme, safari inasimama, uwe na tiketi ya daraja la juu au la kawaida.

Sasa jiulize, umeme huo wa kesho na keshokutwa utatoka wapi? Kwa leo hatuna njaa. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115. Mitambo ya maji ya Kidatu na Kihansi inaendelea, gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inaendelea. Matumizi ya nchi nzima, saa ile ambayo kila mtu amewasha, yamekuwa yakizungukia megawati 2,000. Kwa hiyo tunacho, na cha ziada kipo. Lakini mtu wa Morogoro hahitaji kuhubiriwa habari za maji. Tumeliona Bwawa la Mindu likishuka mpaka tope linaonekana. Tumekaa na mgao wa umeme wa 2006, wa 2011, na ule wa 2022, na kila mara ukame ulitajwa. Viwanda vinaongezeka, reli inarefuka, na mvua haijatia saini mkataba na mtu.

Ndiyo maana neno nyuklia limeanza kusikika Afrika Mashariki. Kenya ina wakala wake wa nishati ya nyuklia, na watu wa Uyombo kule Kilifi wameshaandamana kukataa mtambo usijengwe kwao. Uganda imeitaja Buyende. Sisi tuna madini yenyewe. Mwezi Julai 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoa wa Ruvuma, mradi ulio chini ya kampuni ya Mantra Tanzania, inayomilikiwa na shirika la Urusi la Rosatom.

Na penye madini na hamu ya umeme, wauzaji hawakosi. Watakuja na vitabu vyenye picha nzuri. Watasema mtambo wetu ni mdogo, unajizima wenyewe, hauwezi kuyeyuka kwa sababu umeshayeyuka tayari! Huo wa mwisho ni utani unaopendwa na watu wa vinu vya chumvi. Swali langu leo ni moja tu. Siku hiyo, ndani ya chumba kile cha mazungumzo, ni nani upande wetu wa meza atakayeweza kuchukua hesabu za muuzaji, akazifungua, akazikokotoa upya mwenyewe?

Tuelezane kwanza chumvi yenyewe ni nini. Vinu vingi vya umeme duniani vinatumia fueli ngumu: vidonge vya urani vilivyopangwa ndani ya mirija ya metali, na maji yanapita katikati kuchukua joto. Ili maji hayo yasichemke hovyo, katika vinu vya aina iliyoenea zaidi hubanwa kwa mgandamizo mkubwa sana. Katika kinu cha chumvi mambo yamegeuzwa. Urani inayeyushwa ndani ya chumvi, na chumvi hiyo hiyo ndiyo fueli na ndiyo mbeba joto. Siyo chumvi ya Uvinza ya kutia kwenye mchuzi; hii haitiwi mdomoni. Aghalabu ni mchanganyiko wa fluoridi za lithiamu na berili, ambao ukiwa baridi ni kitu kigumu, na ukipata joto la nyuzi 450 hivi unakuwa kimiminika kinachosukumwa na pampu. Hauchemki mpaka upite nyuzi 1,000 na mamia kadhaa, kwa hiyo hauhitaji kubanwa kama maji.

Kuna uzuri mwingine. Chumvi ikizidi joto inatanuka, urani inatawanyika kidogo, na mpasuko wa atomu unapungua bila mtu kugusa kitufe. Tena chini ya kinu huwekwa bomba lililozibwa kwa chumvi iliyogandishwa. Ubaridi unaoigandisha ukikatika, kizibo kinayeyuka, na fueli yote inashuka kwa uzito wake kwenye matangi ambayo mpasuko hauwezi kuendelea ndani yake.

Haya yalishajaribiwa. Katika maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee, Marekani, kinu kidogo cha chumvi kilianza kufanya kazi mwezi Juni 1965 na kikazimwa Desemba 1969. Kilitoa megawati 7 hadi 8 za joto, na hakikuzalisha umeme, kwa sababu kilijengwa ili kupima. Baadaye Marekani ikageukia njia nyingine. Ikapita miongo mitano, mpaka China ilipojenga kinu chake cha majaribio cha megawati 2 za joto huko Wuwei, mkoa wa Gansu, pembeni mwa jangwa la Gobi. Mpasuko ulianza kujiendesha humo Oktoba 2023. Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba teknolojia hii imekomaa na ipo sokoni, mwulize swali jepesi: twende wapi tukaione ikiwasha taa? Hakuna mji wowote duniani unaowashiwa taa na kinu cha chumvi kwa biashara.

Basi kama vinu vyenyewe ni vya kuhesabu kwa vidole, wanafunzi wa uzamivu wanasoma kwenye nini? Wanasoma kwenye kompyuta. Hapa ndipo pana utamu, na nitapiga kambi kidogo.

Atomu ya urani ikipasuka inatoa nyutroni, na nyutroni hizo zinakwenda kupasua atomu nyingine. Karibu zote hutoka papo hapo, kufumba na kufumbua. Chache mno, kama 65 katika kila 10,000, huchelewa. Hazitoki kwenye mpasuko wenyewe. Hutoka kwenye vipande vilivyobaki baada ya mpasuko, vingine chini ya sekunde moja baadaye, vingine karibu dakika nzima. Uchache wao usikudanganye. Uchelewaji huo ndio unaompa mwendeshaji nafasi ya kukidhibiti kinu. Bila hizo, nguvu ingepanda na kushuka haraka kuliko mkono wa binadamu au mashine yoyote.

Katika kinu cha fueli ngumu, vile vipande hukaa hapo hapo vilipozaliwa, na nyutroni zilizochelewa hutokea ndani ya moyo wa kinu, zinakohitajika. Katika kinu cha chumvi fueli inatembea. Kipande kimezaliwa ndani ya moyo, lakini kabla hakijatoa nyutroni yake, pampu imeshakisukuma nje, kwenye mabomba. Ni yule abiria wa kushuka Kingolwira aliyepitiwa na usingizi ndani ya basi. Anashtuka yuko Msamvu, mzigo wake ni ule ule, lakini waliokuwa wakimsubiri hawakuupata. Kule Oak Ridge chumvi ilichukua kama sekunde 25 kuzunguka mzunguko mmoja, na takribani theluthi mbili ya muda huo ilikuwa nje ya moyo. Matokeo yake, karibu theluthi moja ya mchango wa nyutroni zilizochelewa ilipotea njiani.

Sasa fikiri pampu izimike ghafla. Kwa akili ya kawaida utasema, kitu kimesimama, hatari imepungua. Kumbe vile vipande vilivyokuwa vikibebwa nje sasa vinabaki ndani, nyutroni zao zinaongezeka pale pale, na kinu kinapata msukumo wa kupanda. Mwaka 1965 mafundi wa Oak Ridge waliyapima hayo hasa. Waliendesha kinu kwa nguvu ndogo kabisa, wakawasha pampu, wakaizima, na wakaandika sekunde kwa sekunde fimbo ya kudhibiti ilisogea kiasi gani ili kinu kibaki palepale. Mistari ile ya grafu, iliyochorwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, ndiyo mtihani wa kila mwanafunzi wa leo.

Kazi yake ni hii. Kwanza anajenga kinu ndani ya kompyuta, kila mfereji wa chumvi na kila bomba, kisha anatuma mamilioni ya nyutroni za kuhesabu, moja moja, kila moja ikipigiwa kura ya bahati kama itapasua, itanaswa au itatoroka. Pili anakokotoa mwendo wa chumvi: kasi yake, joto lake, inapokwama na inapokimbia. Tatu, na hapa ndipo miaka inapokwenda, anaziunganisha hesabu hizo mbili, kwa sababu joto linabadilisha nyutroni na nyutroni zinabadilisha joto. Halafu anazima pampu kwenye kompyuta na kulinganisha na grafu ya 1965. Mistari isipolingana, kazi inaanza upya. Labda alisahau viputo vya gesi vilivyokuwa ndani ya chumvi. Labda joto la mwanzo amelikosea. Anayemaliza shughuli hiyo hatoki na kinu; anatoka na tabia ya kutoamini namba yoyote mpaka ameona ilikotoka.

Tabia hiyo ndiyo ninayoitaka kwenye ile meza ya mazungumzo. Nikupe mfano wa namna inavyolipa. Kinu cha Oak Ridge kilipozimwa mwaka 1969, chumvi yenye urani iliachwa igande ndani ya matangi yake. Ikapita robo karne. Mwaka 1994 ikagundulika kwamba mnururisho ulikuwa umeivunjavunja chumvi ile taratibu, na gesi yenye urani ilikuwa imetoka na kujikusanya kwenye mabomba na vichujio vya mkaa. Hakuna aliyeumia, lakini kusafisha kulikuwa kazi ya miaka na gharama. Sasa, muuzaji atakueleza siku kinu kinapowashwa. Ni nani atakayemwuliza habari za miaka 25 baada ya kuzimwa, na akadai kuonyeshwa hesabu? Ni yule aliyelala na hesabu hizo miaka minne.

Tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Kisheria ndiyo jicho letu katika mambo ya mionzi. Jicho hilo linahitaji watu wa aina hii kabla ya mkataba. Wakipatikana baada ya kusaini, watakuwa wamekuja kuhesabu hasara.

Wasikilizaji, msidhani Morogoro ni mgeni katika sayansi hii. Milima yetu ya Uluguru ilishaingia vitabuni zaidi ya miaka 100 iliyopita. Enzi za Wajerumani, kwenye miamba yenye ulanga, yaani yale madini yanayobanduka tabaka kwa tabaka, yalikutwa mawe mazito meusi ya urani yaliyofunikwa na ukoko wa manjano. Mwaka 1906 mkemia wa Berlin, Willy Marckwald, aliuchunguza ukoko huo, akakuta ni madini ambayo hayajawahi kuelezwa popote. Akayaita rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford. Mpaka leo, popote duniani mwanajiolojia anapoyataja madini hayo, mahali pa asili yake panaandikwa Uluguru.

Hayakuishia hapo. Mwaka 1914 na 1915 huko Vienna, mama mmoja, Stefanie Horovitz, aliyekuwa amepata shahada yake ya udaktari mwaka ule ule wa 1914, pamoja na Otto Hönigschmid, walichukua risasi, ile metali, iliyozaliwa ndani ya urani ya Morogoro, wakaisafisha na kuipima uzito wa atomu. Risasi ya kawaida ina uzito wa 207.2. Ya Morogoro ilitoka karibu 206.05. Metali ni ile ile, inavyoitikia dawa za maabara ni vile vile, lakini uzito ni tofauti! Huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa nguvu kabisa kwamba elementi moja inaweza kuwa na atomu za uzito mbalimbali, zile tunazoziita isotopu, na bila somo la isotopu hakuna hesabu ya kinu chochote. Jiwe lilitoka kwetu. Mezani, penye mizani na daftari, hapakuwa na mtu wa kwetu hata mmoja.

Jirani zetu Kongo wana kisa kizito zaidi. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilichangia sehemu kubwa ya ile iliyotumika katika mabomu ya atomiki ya Marekani ya 1945. Kisha mwaka 1959, kabla hata ya uhuru, kikawashwa Kinshasa kinu cha utafiti, cha kwanza barani Afrika, kikafuatiwa na kikubwa zaidi miaka ya 1970. Wataalamu wa Kikongo walifundishika, wakafanya kazi. Lakini fedha zilikauka, vipuri vikakosekana, na mwaka 2004 kazi ikasimama. Kwa hiyo hata kuwa na kinu chenyewe hakutoshi, kama nchi haijaamua kuwalisha wanaokielewa.

Naona simu zinaita, na swali nalijua: haya yote si ya gharama? Sikiliza. Programu ya OpenMC, iliyoanzia chuo cha MIT na inayotumika kufuatilia nyutroni, inapakuliwa bure. Moltres, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Illinois mahsusi kwa vinu vya chumvi, nayo ni huria. Takwimu za msingi za nyutroni zinatolewa bure na maabara ya Brookhaven. Ripoti za Oak Ridge za miaka ya 1960 zimewekwa wazi kwa yeyote. Kijana wa Kingolwira mwenye kompyuta na bando anaweza kuzifungua usiku huu. Hesabu zenyewe hazituogopeshi pia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha wana watu wanaotumia hesabu za aina hiyo kufuatilia malaria na mwendo wa maji.

Kinachokosekana ni vitu ambavyo kijana peke yake hawezi kuvipakua. Msimamizi aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Kompyuta kubwa, kwa sababu hesabu zilizounganishwa zinaweza kutafuna siku nzima kwa sekunde chache za kinu. Nafasi ya kwenda kwenye maabara halisi, akaione chumvi ikila chuma kwa macho yake. Na kubwa kuliko yote, ajira inayomsubiri akirudi, maana kumsomesha mtu miaka minne halafu ukampangia kazi ya kugonga mihuri ni kumfukuza kwa adabu.

Kwa hiyo nina mapendekezo yangu, na wenye mamlaka wayachukue kama ya raia mlipa kodi. Katika kila mkataba wa urani tutakaotia saini, kiwemo kifungu cha nafasi za uzamivu, zenye idadi na fedha zake, na vijana wachaguliwe na sisi. Mada zao zisiwe za kumsifia mwenye mtambo. Ziwe za kumhoji. Nusu ya muda wakae kwenye vyuo vyetu, ili walimu wetu nao wajifunze. Na wakimaliza, Tume na vyuo viwape meza, kompyuta na mamlaka ya kusema hapana.

Yupo atakayesema tunapanga harusi na mchumba hatuna, maana Tanzania haina mtambo na pengine haitajenga mtambo wa chumvi kamwe. Nakubali inawezekana kabisa. Mtaalamu wetu anaweza kukokotoa miaka yote hiyo, kisha akatuambia: jamani, hiki hakitufai, mtambo mmoja wa megawati 1,000 ungekuwa nusu ya matumizi ya nchi nzima, ukizimika ghafla gridi inakwenda nao, na vile vidogo vingi bado ni vya kwenye karatasi; ongezeni jua, gesi na nyaya. Akitwambia hivyo kwa hesabu zake mwenyewe, atakuwa amelipa ada yake mara nyingi. Hapana ya mtu anayejua ina thamani sawa na ndiyo yake. Wahenga hawakukosea kutukataza kununua mbuzi kwenye gunia, na gunia la safari hii lina bei ya mabilioni na dhamana ya wajukuu.

Pendekezo la mwisho ni dogo. Kila tasnifu ya namna hiyo itakayolipiwa na Watanzania iwe na kurasa mbili za Kiswahili, zinazoeleweka kwa dereva wa bodaboda wa Kingolwira na kwa mkulima wa ndizi wa Mgeta. Asiyeweza kueleza kinu chake kwa Kiswahili ajiulize kama amekielewa. Kipaza sauti cha kuzisomea kurasa hizo kipo hapa, na dakika za hewani nitazitafuta.